Pini Nane za Sampuli

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne, amechelewa saa mbili nzima na hana hata haya ya kujifanya ana haraka. Akashuka kwenye gari la ofisi, akapandisha suruali, akalitazama jukwaa kuanzia chini hadi juu, kisha akamwuliza Fundi kama kuna maji baridi.

Jukwaa lilikuwa la kukalia wazazi wa wahitimu, watu mia tatu na hamsini, safu kumi na nne zinazopanda hadi chini ya paa la turubai. Chuo kilitaka lisimame uwanjani siku tatu tu kisha liondoke. Lakini hata kitu cha siku tatu kinataka kibali, kibali kinataka saini, na kalamu ya kutia saini ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mtu huyu. Mke wa Fundi, ambaye vibarua wote walimwita Mama Rangi, alikimbia mwenyewe kununua maji. Aliporudi alimkuta mkaguzi ameinama nyuma ya jukwaa, upande wa kushoto, anagusagusa vichwa vya pini kwa ncha ya kalamu.

"Hivi vyekundu ni vya nini?"

"Ni alama yetu, bwana mkaguzi," Fundi alisema. "Kila pini inayoshika mguu na boriti naigonga mwenyewe mara tatu, nasikiliza. Ikinijibu vizuri, huyu mama anaipaka rangi kichwani. Isiyo na rangi haijapita. Ndivyo tunavyofanya kazi miaka yote, na hakuna jukwaa letu lililowahi hata kuyumba."

"Inakujibu?" Mkaguzi akamgeukia dereva wake. "Umesikia? Huyu anaongea na vyuma."

Dereva akacheka, maana alikuwa anataka kurudi ofisini na kicheko hufupisha mambo. Mkaguzi akanywa maji, akasema si baridi, akayamaliza.

"Nitoleeni nane. Za hapahapa kwenye kona hii. Zinakwenda kupimwa."

Fundi alidhani hajasikia sawasawa. "Nane? Siku zote sampuli huwa moja."

"Fomu imebadilika."

"Bwana mkaguzi, hatuna akiba ya pini hizi. Tunachongewa kwa oda, na mchongaji anachukua wiki. Ukichukua nane, kona nzima inabaki matundu."

"Kwani nazila? Kesho tumeni mtu ofisini azichukue. Au una wasiwasi nazo zikipimwa?"

Fundi akawaita vibarua. Akaagiza kona iegemezwe kwa magogo, akazichomoa pini moja moja, akazifuta kwa kitambaa, akamkabidhi dereva. Dereva akazitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na nusu mkate. Stakabadhi, mkaguzi akasema, wataipata hukohuko ofisini.

Gari lilipoondoka, Fundi alibaki anatazama yale matundu. Mkataba na chuo ulikuwa na kifungu ambacho siku ya kusaini walikisoma wakacheka, kwa kuwa waliona hakiwahusu: kibali kisipopatikana kabla ya mahafali, chuo kitashikilia vyuma vyote hadi hasara ilipwe. Vyuma vile ndivyo walivyokuwa navyo duniani. Nyumba ilikuwa ya kupanga, gari la kubebea ni la kukodi, na ada ya binti yao ilitoka kwenye vyuma vilevile, muhula hadi muhula.

"Kesho nitakwenda mimi," Mama Rangi akasema. "Wewe ukibishana na mtu unakunja ngumi."

*

Ijumaa alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ofisi ya vibali kabla mfagiaji hajamaliza. Alivaa gauni lake la kwendea kwenye mambo ya maana, na mikono alikuwa ameisugua kwa mafuta ya taa. Lakini rangi ya miaka kumi na tano haitoki kwa asubuhi moja. Ilibaki kwenye kucha na kwenye mikunjo ya vidole. Karani wa mapokezi, msichana aliyempita binti yake kwa miaka michache tu, aliiona mikono kabla ya kuuona uso.

"Mama, usiegemee kaunta."

"Imekauka zamani, binti yangu. Haichafui."

"Ndiyo nasema usiegemee."

Mama Rangi akarudi nyuma hatua moja, akaeleza shida yake. Karani akataka barua. Barua gani tena? Barua ya kuomba kurudishiwa sampuli. Akavuka barabara hadi duka la kuchapa, akaandikiwa barua, akarudi nayo. Karani akaisoma hadi chini, akasema zinatakiwa nakala mbili. Akavuka tena. Aliporudi, karani akaomba stakabadhi ya siku sampuli zilipochukuliwa.

"Hatukupewa. Alisema tutaipata hapa."

"Stakabadhi inatolewa palepale, mama. Sasa mimi nitajuaje kama hizo pini ni zako?"

"Zina rangi nyekundu kichwani. Rangi yenyewe hii hapa." Akanyoosha vidole.

Wanaume wawili waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Karani naye akacheka, akaziba mdomo kwa barua, kisha akamwambia akae amsubiri mkaguzi.

Akakaa. Wenye shida walikuja wakaondoka. Kuna mmoja alikuja na bahasha akaingia moja kwa moja bila kuulizwa barua, Mama Rangi akajifanya hakuona. Saa saba na nusu mkaguzi akapita kwenye korido, anachokonoa meno kwa ujiti.

"Mama wa rangi! Umekuja kutupakia ofisi rangi?"

"Nimefuata zile pini, bwana mkaguzi. Ulisema leo."

"Ziko stoo. Stoo ina ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo amekwenda msibani."

"Atarudi saa ngapi?"

"Nikamwulize marehemu?"

Benchi zima likacheka tena. Mama Rangi naye alijilazimisha kucheka, maana mwenye shida hucheka na wenye ofisi. Kicheko kilipoisha akasema polepole, "Basi utusaidie, ukaguzi wa mwisho kesho uwe saa sita badala ya saa tatu. Mahafali ni saa nane. Tukipata pini asubuhi, Fundi anazirudisha ndani ya nusu saa."

"Saa tatu nipo uwanjani. Nikikuta tundu moja halina pini, sisaini."

"Lakini pini si mnazo nyinyi?"

"Zilizo huku ni mali ya ofisi mpaka zitoke. Mimi nakagua zilizo kule." Akautupa ule ujiti. "Wewe kazi yako ni kuniletea jukwaa kamili. Umelipataje, hilo si swali la kwenye fomu."

Hakujua magoti yalimshuka saa ngapi. Alishtuka tu yuko chini kwenye korido, ameshika ukingo wa kaunta ya karani, na gauni la mambo ya maana limekaa kwenye vumbi.

"Inuka, mama," mkaguzi akasema, na hakusema kwa ukali. "Unaziba njia."

*

Alifika uwanjani saa kumi na moja, mikono mitupu. Hakuhitaji kueleza. Fundi alimtazama miguu, akamtazama mikono, akageuka akaingia nyuma ya jukwaa. Alipotoka alikuwa na kopo. Ndani yake mlikuwa na vipande vinane vya nondo, vimekatwa kwa urefu wa pini, vimekunjwa kichwa kwa moto ili vifanane. Alikuwa ameshakwenda kwa mchomeleaji tangu saa sita, kabla hata mkewe hajapiga magoti.

"Hii ni nondo ya kujengea," Mama Rangi alisema.

"Naijua kuliko wewe."

"Inapinda. Ulisema mwenyewe, mwaka ule yule jamaa alipotaka kukuuzia. Ulisema nondo inakubeba leo, inakuaga kesho."

"Ni ya kupitisha ukaguzi tu. Kesho akishasaini tunazifuata pini, tunabadilisha, watu hawajakaa hata mmoja. Nani atajua?"

Binti yao alikuwa amekaa kwenye ngazi na kopo la rangi mapajani. Shule zilikuwa zimefungwa hadi Jumatatu, na likizo zote alikuwa akimshikia mama yake kopo. Alikuwa msichana wa maneno machache, anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili darasani na anayeona aibu viatu vyake vikisemwa. Alisikiliza yote, hakuinua kichwa.

Fundi akazipachika zile nondo, akachukua nyundo, akagonga. Pini ya kweli inatoa mlio unaokaa hewani kidogo. Hizi zilitoa sauti butu, ikaishia palepale. Akagonga ya pili na ya tatu, haraka haraka, asisikilize, akafika ya nane.

"Nimegonga. Paka."

"Sijawahi kupaka kitu ambacho hakijapita."

"Mama, unataka wabebe vyuma? Eti? Unataka Jumatatu huyu mtoto akae nyumbani? Sema basi. Sema tupige simu sasa hivi, tuseme tumeshindwa."

Mama Rangi akalitazama kopo la rangi. Alikuwa na hasira na mumewe, lakini zaidi alikuwa amechoka, na uchovu ulikuwa na sauti kubwa kuliko hasira. Akaichovya brashi. Alipaka kichwa cha kwanza, cha pili, hadi cha nane, kwa uangalifu uleule wa kila siku, na alipomaliza akarudi nyuma kuangalia. Hata yeye hakuweza kuzitofautisha na nyingine. Hilo lilimtisha kuliko kitu chochote siku ile.

"Umeona?" Fundi akasema. "Zimetulia."

*

Jumamosi saa tatu kamili mkaguzi alifika. Hakuinama. Alitembea nyuma ya jukwaa anahesabu vichwa vyekundu kwa kidole, anasema na simu, na alipofika kona ya kushoto akakonyeza.

"Kumbe mlikuwa nazo za akiba! Na jana mama analia ofisini kwangu."

Fundi akatabasamu. Mkewe alitazama chini.

"Sasa jaribio la uzito," mkaguzi akasema. "Magunia ya mchanga yako wapi?"

"Hatukuambiwa magunia."

"Mambo ya kuambiwa, mambo ya kuambiwa. Haya, pandeni nyinyi wenyewe. Baba, mama, na huyo binti. Safu ya juu kabisa. Mruke, nipige picha ya kuweka kwenye faili."

Wakapanda. Vibarua walisimama chini wakitazama mwajiri wao na familia yake wakipanga mstari juu kule. Mkaguzi akahesabu moja, mbili, tatu, wakaruka. Akasema picha imetoka na ukungu, warudie. Wakaruka tena. Akasema mama anaruka kivivu, ashike gauni vizuri aruke kama anayelipenda jukwaa lake. Mama Rangi akakusanya gauni mkononi, akaruka, na chini vibarua wakageuza nyuso pembeni. Watu watatu walikuwa wameruka juu ya kitu cha watu mia tatu na hamsini, na mkaguzi akaandika kwamba uzito umejaribiwa.

Akasaini. Kisha akatoa stika za ofisi, zenye muhuri na namba, akazibandika mwenyewe kila kiungo, zikafunika vichwa vya pini hadi nusu.

"Kuanzia sasa haliguswi. Stika ikichanika, hata kwa bahati mbaya, kibali kimekufa, mnaomba upya Jumatatu. Mlinzi wa chuo atakaa hapa."

Aliposhikana mkono na Fundi ndipo alipokumbuka. Akamwita dereva, dereva akaleta ule mfuko wa plastiki. Mkate haukuwemo tena. Pini zilikuwemo zote nane.

"Mwenye ufunguo alirudi jana jioni," mkaguzi akasema. "Ofisi haidhulumu mtu."

*

Walibishana nyuma ya gari la kukodi, kwa kunong'ona, kuanzia saa nne hadi saa sita. Mama Rangi alitaka stika zibanduliwe wakubali hasara. Fundi alisema atakayebandua stika amebandua nyumba yao. Akasema nondo zimeruka na watu na hazikulia. Akasema wazazi watakaa tu, watu wazima hawachezi. Akasema sherehe ni ya saa mbili tu, na saa mbili zinapita. Mwishowe akaenda kukaa na vibarua.

Saa sita na nusu wazazi wa kwanza walianza kuingia, wamevaa vizuri, wanatafuta kivuli. Upande wa kushoto ndio uliokuwa na kivuli. Mama Rangi alimwona mzee mmoja anasaidiwa kupanda ngazi na wajukuu wawili, na miguu yake ikamwondoa pale aliposimama bila kuiuliza.

Mratibu wa mahafali, mama mmoja wa chuo mwenye orodha mkononi na simu mbili, alikuwa mlangoni mwa hema la wageni.

"Madamu, naomba usiwakalishe watu upande wa kushoto. Pini za kona ile si pini. Ni nondo. Nilizipaka mimi mwenyewe."

Mratibu alimtazama mikono. "Wewe ni nani?"

"Mke wa fundi wa jukwaa."

"Lina kibali. Ninacho hapa."

"Kibali ninakijua. Nakwambia kilicho chini ya stika." Akaufungua ule mfuko wa plastiki aliokuja nao. "Pini za kona ile hizi hapa, zote nane. Sasa kule kuna nini?"

Mratibu hakuwa mtu mbaya. Aliishika pini moja, akaigeuzageuza, akaita Fundi na mkaguzi. Mkaguzi alikuwa amebaki kula chakula cha wageni, akaja na leso ya karatasi shingoni. Alisikiliza hadi mwisho, uso haukumbadilika hata kidogo.

"Kwa hiyo mimi nimesaini uongo," akasema. "Haya. Mambo mawili tu. Kama mama anasema kweli, mume wake amenidanganya, na hiyo ni polisi, leo hii, na vyuma vinashikiliwa. Kama hasemi kweli, tunapoteza muda. Fundi, kuna nondo kule?"

Mkewe alimtazama, akamtaka kwa macho aseme, kwani lilikuwa neno moja tu.

"Hakuna," Fundi akasema. "Hizo ni za akiba."

"Kwaruza rangi!" Mama Rangi akapaza sauti. "Bandueni stika moja, mkwaruze, mtaona!"

"Stika ikibanduka hakuna kibali," mkaguzi akamwambia mratibu, taratibu, kama anayemshauri dada yake. "Na mgeni rasmi ameshaingia getini. Ni uamuzi wako, madamu."

Mratibu akaangalia saa, akaangalia jukwaa lililokwisha kujaa nusu. Ilionekana wazi kwamba anatafuta mlango wa kutokea, na Fundi ndiye aliyemfungulia.

"Mke wangu haumwi mwili," akasema, hamtazami yeyote. "Ni kichwa. Tangu mwaka jana. Akishikwa na wasiwasi anasema mambo. Nisameheni, sikutakiwa kuja naye kazini."

Mama Rangi alisikia maneno hayo na hakuyaelewa mara moja. Walikuwa wameoana miaka kumi na saba. Aliwahi kumwuguza mtu huyu vidonda vya mgongo, akimgeuza usiku kucha, na hakuwahi kumsikia akisema uongo laini namna ile, kwa sauti ya huruma.

Binti yao alikuwa amesimama nyuma ya baba yake. Mratibu akamwona.

"Wewe ni mtoto wao? Njoo, mwanangu. Usiogope. Mama anaumwa?"

Msichana aliyeshika kopo la rangi, aliyeziona nondo zote nane zikigongwa na kupakwa, alimtazama mama yake. Kisha akamtazama baba yake, mikono ya baba yake iliyokuwa inaikunja kofia, na mkaguzi aliyekuwa anajifuta mdomo.

"Ndiyo," akasema. "Anaumwa."

Mratibu akashusha pumzi. Alimrudishia Mama Rangi pini yake, akamkunjia na vidole vizuri ili isianguke.

"Pole, mama. Mpelekeni akakae kivulini, apewe maji."

*

Mlinzi alimshika kiwiko. Kivuli kilikuwa jukwaani, kushoto, safu za juu. Mama Rangi akakaza miguu, akasema hapandi, wamwache juani, na watu wakaanza kugeuka kumtazama mwanamke anayevutana na mlinzi. Binti akawapita wote wawili. Akapanda ngazi bila kugeuka, hadi safu ya juu, hadi mwisho wa benchi, juu ya kona yenyewe, akakaa.

Baada ya hapo mlinzi hakuwa na kazi. Mama alipanda mwenyewe, anakanyaga kwa ncha za vidole, akakaa kando ya mwanawe.

"Shuka," akamwambia. "Nakuomba. Mimi nitakaa."

"Wangemfunga baba," binti akasema. "Ulitaka wamfunge?"

"Na hawa je?"

Watu waliendelea kupanda. Nafasi zikajaa, magoti yakagusana na migongo, watoto wakapakatwa. Mwanamke mnene mwenye miwani aliketi upande wa pili wa Mama Rangi, akauona uso wake, akaanza kumpepea kwa ratiba ya mahafali.

"Ni presha, dada?"

"Ndiyo," binti akajibu badala yake. "Ni presha."

"Pole sana. Utapona," mwanamke akasema, kwa sauti ya juu na taratibu, kama wanavyosemeshwa wasio na akili. Habari zilikuwa zimeshapanda jukwaani kabla yake.

Hotuba zikasomwa. Kila mtu alipoinuka kwenda chooni, kila mtoto aliporuka, Mama Rangi alisikiliza chini. Chuma kilikuwa kikisema kidogo, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwingine pale aliyejua kuisikia. Kisha wahitimu wakaanza kuingia kwa foleni, na mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Wazazi! Mmelipa ada, mmekesha, mmefunga mikanda! Simameni! Pigeni miguu wawasikie!"

Watu mia tatu na hamsini wakasimama kwa pamoja. Mbao zikaruka. Jukwaa zima likatetemeka kutoka chini, na kwenye kona ya kushoto kikasikika kishindo kifupi, butu, halafu cha pili. Binti akaushika mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili.

Na hapo Mama Rangi akaomba lianguke.

Hakuomba mtu afe, hakufika huko. Aliomba likatike kidogo tu, lilale upande, watu wapige kelele, mkaguzi aone, mratibu aone, yule karani asikie, na Fundi atoke mbele za watu aseme mke wangu alisema kweli. Aliomba kwa moyo wake wote, meno ameyauma, kwa muda ambao ungetosha kuhesabu hadi tano. Ndipo akahisi vidole vilivyomshika mkono, akakumbuka ni vya nani.

Halikuanguka. Miguu ilipigwa hadi wahitimu wote wakaketi, kisha watu wakaketi pia, wakijifuta jasho na kucheka. Binti akauachia mkono.

"Umeona, mama?" akanong'ona, na machozi ya afueni yalikuwa yanamtoka. "Halina neno."

Mama Rangi akatafuta shukrani moyoni mwake. Akatafuta kila pembe, hakuikuta.

Chini, mratibu alikuwa anawashukuru waliofanikisha shughuli. Alimtaja mpishi, akamtaja mwenye vyombo vya muziki, kisha akamwita fundi wa jukwaa asimame wazazi wamwone, na wampongeze kwa namna ya pekee, kwa kuwa amefanya kazi nzuri akiwa na mgonjwa nyumbani. Fundi akasimama, kofia mkononi. Mkaguzi, kwenye kiti cha mbele, ndiye aliyeanza kupiga makofi. Jukwaa zima likafuata, na binti naye.

"Si ndiye mumeo yule?" mwanamke wa miwani akauliza. Alipoona Mama Rangi hajibu wala hajongei, akaweka ratiba yake chini, akaichukua mikono ile yenye rangi kwenye kucha, akaikutanisha, mara moja, mara mbili, kama anayemfundisha mtoto.

"Mpigie, dada. Hivi. Ni mumeo."

Aliikutanisha mara ya tatu. Ya nne Mama Rangi akapiga mwenyewe.